Mguu Ukiuma, Tazama na Pikipiki

UKURASA WA AFYA
Na mganga msaidizi, Viwanja Sitini, Ifakara



Leo tutazungumza juu ya maumivu ya miguu ya waendesha pikipiki. Huenda wewe huendeshi pikipiki. Lakini huenda mwanao anaendesha, au mumeo, au jirani yako. Soma habari hii, kisha umsomee na yeye.

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Viwanja Sitini alikuja zahanati wakati wa masika. Jina lake nalihifadhi. Hakuja kwa sababu ya mguu. Alikuja kwa sababu ya tumbo. Alisema tumbo linamchoma juu ya kitovu, na choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

Nilimwuliza, "Unatumia dawa gani?"

Akatoa mfukoni vidonge vya diklofenaki. Alikuwa akimeza asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Hakuandikiwa na mganga. Alinunua mwenyewe dukani.

"Unameza kwa ajili ya nini?"

"Mguu, daktari. Mguu wa kushoto. Bila kidonge siwezi kupiga gia."

Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu kuvuja ndani ya tumbo. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Alitibiwa akapona. Lakini alikaa wiki tatu bila kazi, na pikipiki yake ilikuwa ya mkataba. Hesabu ya tajiri haingoji mgonjwa.

Hapa nataka nikiri kosa langu. Kijana huyu alikuwa amekuja kwangu kabla ya hapo kwa ajili ya mguu. Nilimpa dawa ya kuchua, akaenda zake. Sikumwuliza anafanya kazi gani na mguu ule. Pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa nje, chini ya mwembe, hatua kumi kutoka mlangoni. Sikutoka kuitazama.

Safari hii nilitoka. Nikamwambia, "Panda, nikuone unavyoweka miguu." Ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Haukuwa kwenye mguu. Ulikuwa kwenye pedeli.

MIGUU INAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hufikiri kwamba pikipiki huendeshwa kwa mikono. Ni kweli kwamba mkono wa kulia hutia moto na kushika breki ya mbele, na mkono wa kushoto hushika klachi. Lakini miguu nayo ina kazi kubwa.

Mguu wa kushoto hubadilisha gia. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Na miguu yote miwili hukaa juu ya vyuma viwili vya kuwekea miguu, kimoja kila upande. Vyuma hivyo hubeba sehemu ya uzito wa mwili, hasa barabara inapokuwa mbaya na mwendeshaji akainuka kidogo kwenye kiti.

Tufanye hesabu. Chukua safari moja fupi, kutoka Viwanja Sitini mpaka Kibaoni. Mwendeshaji anapanda gia, anashuka gia kwenye shimo, anapanda tena. Tuseme anabadilisha gia mara 20. Kama kwa siku moja anafanya safari 30, basi mguu wake wa kushoto umepiga gia mara 600. Kwa siku sita za kazi ni mara 3,600.

Na siku hizi safari si za mjini tu. Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018. Vijana wetu huvuka kwenda Lupiro na Mahenge bila kungoja pantoni. Wengine hupanda kwenda Mang'ula na Kidatu. Wakati wa mavuno hubeba mpunga. Wakati wa masika hupita kwenye tope jeusi, na kwenye tope gia ni za kubadilisha kila mara.

Kama kila mara mguu unapinda vibaya kidogo, unapinda vibaya mara 3,600 kwa wiki. Chembe na chembe mkate huwa. Na maumivu nayo hujengwa hivyo hivyo.

KWA NINI MGUU UNAUMA?

Mbele ya muundi wako kuna msuli. Weka mkono pale, kisha inua vidole vya mguu juu huku kisigino kikiwa chini. Utausikia msuli ule ukikaza. Msuli huo umefungwa kwenye mifupa ya mguu kwa kano, yaani kamba ngumu za mwili. Nyuma ya mguu kuna kano nyingine kubwa juu ya kisigino. Kano hizi ndizo zinazoinua na kushusha wayo.

Kano ikivutwa mara nyingi bila kupumzika, huvimba na kuuma. Ukiipumzisha, hupona. Usipoipumzisha, maumivu huendelea hata usiku.

Mahali panapouma husaidia kuonyesha kosa liko wapi. Tazama mifano hii:

1. Juu ya wayo wa kushoto na kidole gumba panauma. Huenda pedeli ya gia iko chini mno, au mpira wake umeisha na chuma kinagonga mguu.

2. Mbele ya muundi wa kulia panauma. Huenda pedeli ya breki iko juu mno. Mwendeshaji anauning'iniza mguu hewani siku nzima ili asikanyage breki.

3. Magoti yanauma. Huenda vyuma vya kuwekea miguu viko karibu mno na kiti kwa mtu mwenye miguu mirefu, kwa hiyo magoti yanakaa yamekunjika sana. Au vimepinda katika ajali.

4. Nyayo zinakufa ganzi. Huenda mipira ya vyuma vya kuwekea miguu imeisha, na mtetemo wa injini unaingia moja kwa moja kwenye mguu.

Si kila maumivu ya mguu yanatoka kwenye pikipiki. Nitaeleza hapo chini. Lakini kwa mtu anayeshinda juu ya pikipiki, ni vizuri kuitazama pikipiki mapema.

TANDIKO LA BAISKELI

Sisi watu wa Ifakara tunaijua baiskeli tangu zamani. Mtoto akirithi baiskeli ya baba yake, tunafanya nini? Tunashusha tandiko. Hatumwambii mtoto arefuke kwanza. Baiskeli ndiyo inayomfuata mtu.

Pikipiki nayo ni hivyo. Inatoka kiwandani ikiwa imewekwa kwa mtu wa wastani. Kiwanda hakikujui wewe. Hakijui kama mguu wako ni mrefu au mfupi. Hakijui kama unavaa makubazi au mabuti ya mpira. Ndiyo maana watengenezaji wameacha nafasi ya kurekebisha. Tatizo ni kwamba waendeshaji wengi hawajaambiwa.

JIPIME KABLA YA KUSHIKA SPANA

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa ya katikati, mahali palipo sawa. Zima injini. Vaa viatu unavyovaa kazini. Panda, kaa kama unavyokaa kila siku. Mwombe mwenzako asimame pembeni akutazame. Sasa jipime:

Kwanza, weka wayo wa kushoto juu ya chuma chake. Peleka vidole mbele chini ya pedeli ya gia. Je, vinapita bila kuushusha wayo sana? Je, unaweza kuinua gia kwa kupinda kifundo tu, bila kuinua goti? Kama unainua goti au kugeuza mguu upande, pedeli haikufai.

Pili, weka vidole juu ya pedeli ya gia. Je, unaweza kuikanyaga bila kuuondoa wayo kwenye chuma chake? Kama lazima uuinue mguu wote, pedeli iko juu mno.

Tatu, weka wayo wa kulia juu ya chuma chake. Je, vidole vinapumzika juu ya pedeli ya breki bila kuikandamiza na bila kuning'inia? Vizuri ni pedeli iwe sawa na wayo au chini yake kidogo.

Nne, kanyaga breki mpaka ishike. Je, umeweza bila kunyanyuka kwenye kiti?

Yule kijana alishindwa jaribio la kwanza na la tatu. Pikipiki yake ilianguka kwenye tope mwezi wa Januari. Pedeli ya gia ilikuwa na ncha mbili, ya mbele kwa vidole na ya nyuma kwa kisigino. Ncha ya kisigino ilikatika. Ncha ya mbele ilirudishwa haraka haraka njiani, ikakaa chini mno. Masika yalipoanza akavaa mabuti. Buti nene halikupita chini ya pedeli. Akawa anageuza mguu upande na kuipiga gia kwa ubavu wa wayo. Fikiria mara 600 kwa siku.

KUREKEBISHA PEDELI YA GIA

Kazi hii ni ndogo, lakini kama hujawahi kufungua pikipiki, mwache fundi aifanye na wewe utazame. Kuuliza si ujinga.

Pedeli ya gia imevikwa kwenye shafti inayotoka kwenye injini. Shafti hiyo ina meno madogo kuizunguka. Pedeli nayo ina meno ndani ya tundu lake. Bolti moja huibana isitoke. Mara nyingi ni bolti ya spana namba 10.

Fuata hatua hizi:

1. Safisha tope lote. Mchanga ukiingia kwenye meno huyala.

2. Tia alama ya rangi au ya msumari kwenye shafti na kwenye pedeli. Alama hiyo itakuonyesha ilikokuwa mwanzo, ukitaka kurudisha.

3. Toa bolti yote. Usiilegeze tu. Katika pikipiki nyingi bolti hupita kwenye mfereji wa shafti, kwa hiyo pedeli haitoki mpaka bolti itoke.

4. Vuta pedeli nje kwa mkono. Usiipige nyundo, maana nyundo huumiza vilivyo ndani ya injini.

5. Izungushe jino moja tu, juu au chini. Jino moja linatosha kuhisiwa. Irudishe ndani mpaka mwisho wake.

6. Rudisha bolti na uikaze vizuri.

7. Panda ujipime tena. Bado? Ongeza jino moja lingine, si mawili.

Kama pedeli yako ina ncha mbili, kumbuka kwamba ya mbele ikipanda, ya nyuma inashuka. Hakikisha ncha ya nyuma haigusi chuma cha kuwekea mguu wala stendi, hata inapokanyagwa mpaka chini.

Pikipiki nyingine hazina pedeli iliyovikwa moja kwa moja kwenye shafti. Zina fito nyembamba yenye nati mbili. Hapo kimo hurekebishwa kwa kulegeza nati hizo, kuzungusha fito, na kuzikaza tena. Nati moja huweza kuwa ya kufungua kinyume. Usilazimishe.

Kama meno yameliwa na pedeli inateleza, usiichomelee kwenye shafti. Nunua pedeli nyingine. Ile ya kijana wetu ilibadilishwa, ikawekwa mpya yenye ncha mbili, na ikapandishwa jino moja. Fundi alimaliza kabla sufuria ya chai haijachemka.

KUREKEBISHA PEDELI YA BREKI

Hapa uwe mwangalifu zaidi. Gia ikikosewa, mguu utauma. Breki ikikosewa, watu watakufa. Kazi hii ifanywe na fundi anayeijua.

Katika pikipiki nyingi kimo cha pedeli ya breki huwekwa na bolti ndogo ya kuzuia, yenye nati yake. Nati hulegezwa, bolti huzungushwa, pedeli hupanda au hushuka, kisha nati hukazwa.

Lakini kazi haijaisha. Ukibadilisha kimo cha pedeli, umebadilisha na breki yenyewe. Pedeli lazima iwe na nafasi ya bure, yaani mwendo mdogo wa kwanza kabla breki haijaanza kushika. Kwa pikipiki nyingi zenye breki ya nyuma ya fito nafasi hiyo ni sentimita 2 hadi 3 kwenye ncha ya pedeli. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoeleza kipimo chake. Kama huna kitabu, upana wa kidole gumba cha mtu mzima ni kama sentimita 2, nao utakusaidia kukadiria.

Nafasi ikiwa ndogo mno, brekishuu zilizo ndani ya gurudumu hukwaruza wakati wote. Gurudumu hupata moto, mafuta huliwa bure, na breki inaweza kupoteza nguvu mteremkoni. Nafasi ikiwa kubwa mno, mguu huenda chini na pikipiki haisimami.

Nafasi hiyo hurekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa fito ya breki, karibu na gurudumu la nyuma. Ukimaliza, fanya mambo haya matatu:

Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono likiwa juu ya stendi. Lizunguke bila kukwama. Kanyaga breki, likame. Achia, lizunguke tena.

Tazama taa ya nyuma. Iwake unapokanyaga, izime unapoachia. Taa isipowaka, wa nyuma yako hajui kwamba unasimama.

Nenda kiwanjani au njia tupu, bila abiria. Endesha polepole na ujaribu breki mara kumi. Siku ya pili angalia tena kama bolti zote zimekaza.

MAMBO YASIYOFAA

Nimezunguka kwenye vijiwe vya bodaboda na kutazama. Mambo haya nimeyaona kwa macho yangu. Tuyaache.

Usirefushe pedeli kwa kuchomelea nondo. Pedeli ndefu hugusa ardhi pikipiki ikilala kwenye kona, na hunasa kwenye majani na tope. Mwendeshaji huangushwa.

Usipinde pedeli kwa moto wa gesi ikiwa bado kwenye injini. Moto huharibu sili inayozuia oili, na oili huanza kuvuja.

Usihamishe vyuma vya kuwekea miguu mbele sana ili unyooshe miguu. Utakaa vizuri, lakini mguu utachelewa kuifikia breki. Mtoto akikatiza barabara hutapata muda wa kuutafuta.

Usibadilishane pande, breki kushoto na gia kulia. Zamani pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa hivyo, gia mguu wa kulia. Katika miaka ya 1970 Marekani iliweka kanuni kwamba gia iwe kushoto na breki ya nyuma iwe kulia. Viwanda vya Uingereza vilibadilisha ili viweze kuuza huko. Faida yake ni kubwa. Ukiazimwa pikipiki leo, hapa au Mlimba, mguu wako unajua breki iko wapi bila kuuliza. Ukibadilisha pande, anayeazima pikipiki yako atakanyaga gia akidhani ni breki.

Usiondoe vyuma vya kuwekea miguu vya abiria. Abiria asipokuwa na pa kuweka miguu, huiweka juu ya bomba la moshi akaungua, au mguu wake huingia kwenye spoku. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Kisha mlete zahanati.

VIATU NA MIPIRA

Viatu ni sehemu ya pikipiki. Kandambili huteleza kwenye pedeli. Tena hazikingi vidole, na kidole kikikatwa na chuma chenye kutu ni lazima uje zahanati kuuliza juu ya chanjo ya pepopunda. Vaa viatu vilivyofunika vidole na vifundo.

Kumbuka buti nene linahitaji nafasi zaidi chini ya pedeli. Kama unavaa mabuti ya mpira masika na viatu vyembamba kiangazi, jipime mara mbili kwa mwaka, masika yanapoanza na yanapokwisha.

Mpira wa pedeli ya gia ukiisha, nunua mwingine. Usipoupata, kata kipande cha mpira wa maji unaobana, ukivike pale. Kipande hicho kidogo kinalinda kucha na ngozi.

Mpumzishe mguu. Kila unaposhusha abiria na hakuna mwingine, shuka. Zungusha kifundo mara kumi kila upande. Shika mti, rudisha mguu mmoja nyuma, kisigino chini, hesabu mpaka 20. Badilisha mguu.

DAWA ZA MAUMIVU

Diklofenaki na dawa za jamii yake hupunguza maumivu na uvimbe. Ni dawa nzuri zikitumiwa kwa siku chache kwa maelekezo ya mganga. Zikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa vidonda tumboni, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Hatari huongezeka ukizimeza pamoja na pombe. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu amwambie mganga kabla ya kuzitumia. Mama mjamzito asizitumie bila kuandikiwa na mganga.

Kuna hatari nyingine tena. Maumivu ni mjumbe. Anakuja kukuambia kwamba kuna kitu kinakosewa. Ukimeza kidonge kila siku unamfunga mjumbe mdomo, lakini kosa liko pale pale, linaendelea kuumiza.

Njoo zahanati au hospitali bila kuchelewa ukiona dalili hizi:

Umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu. Mfupa huenda umevunjika.

Nyama ya nyuma ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Wayo hausikii. Umeungua au umekatwa bila kujua. Huenda ni kisukari au ukoma. Yote mawili yana matibabu, na ukoma huponywa kabisa kwa dawa.

Una kidonda mguuni kisichopona.

Umetumia dawa za maumivu na choo kimekuwa cheusi, au unatapika damu. Hii ni hatari ya siku ile ile. Usingoje kesho.

PIKIPIKI YA MTU MWINGINE

Kijana wetu alijua tangu mwanzo kwamba pedeli inamsumbua. Nilimwuliza, "Mbona hukumwambia fundi?" Akajibu, "Pikipiki si yangu, daktari. Nikigusa kitu, tajiri atasema naiharibu. Atanipokonya."

Tulikwenda pamoja kwa mwenye pikipiki. Yeye ni mtu mzima, mkulima wa mpunga. Tukamwamkia, akatukaribisha. Kwanza alikataa. Alisema vijana wakipewa spana humaliza chombo. Nikamwomba apande mwenyewe, akiwa na mabuti yake ya shamba miguuni. Akapanda. Akajaribu kuinua gia. Buti halikupita. Akajaribu tena. Kisha akashuka, akaniambia, "Mganga, hii hata mimi ingenivunja mguu."

Pedeli na kazi ya fundi alizilipa mwenyewe. Wiki zile tatu za ugonjwa zilimkosesha hesabu kubwa kuliko bei hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wenye pikipiki za mkataba: siku unapomkabidhi kijana pikipiki, mpandishe, mjipime pamoja, mwite fundi. Na wewe kijana, omba ruhusa waziwazi. Mweleze mwenye mali kwamba kuzungusha jino moja hakukati chuma na hakuachi kovu. Kunaweza kurudishwa wakati wowote.

Kijana yule anaendelea na kazi. Hamezi tena vidonge. Juzi alipita mbele ya zahanati na abiria nyuma, akapiga honi, akaendelea na safari.

Kinga ni bora kuliko tiba. Wiki hii, kabla ya kununua kidonge kingine cha mguu, simamisha pikipiki yako kwa stendi, panda, ujipime.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mguu wa kushoto hufanya kazi gani juu ya pikipiki? Na wa kulia?

2. Kwa nini tunazungusha pedeli ya gia jino moja tu kwa mara moja?

3. Ukibadilisha kimo cha pedeli ya breki, ni mambo gani matatu lazima uyaangalie kabla ya kubeba abiria?

4. Choo cheusi kama lami kinaonyesha nini? Utafanya nini?

5. Je, katika kijiji chenu kuna kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba huku mguu unamuuma? Nani kati yenu ataongea na mwenye pikipiki?